Kutoka Skrini Hadi Karatasi: Kupiga na Kuchapa Skrinishoti kwa Laptopu

Huduma nyingi za Afrika Mashariki zimehamia mtandaoni, lakini karatasi haijaondoka mezani. Mzazi wa Dodoma anafungua matokeo ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, kwenye laptopu, na shule anakompeleka mwanawe inataka kuyaona yakiwa yamechapwa. Mfanyabiashara wa Nairobi analipia kibali kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, na mhasibu wake anataka uthibitisho wa kuweka kwenye faili. Muuzaji wa mtandaoni anadaiwa kuwa hakupeleka mzigo, na utetezi wake wote umo kwenye mazungumzo ya WhatsApp. Wote watatu huishia kwenye kazi moja: kupiga picha ya kile kinachoonekana kwenye skrini, yaani skrinishoti, na kuitoa kwenye karatasi.

Kupiga ni kazi ya sekunde. Taabu huonekana karatasi inapotoka: herufi zimefifia, pembeni pamekatwa, tarehe haionekani, na nusu ya ukurasa imejaa wino mweusi. Lawama huangukia printa, ambayo mara nyingi haina kosa. Ubora wa karatasi huamuliwa kwenye skrini, kabla kitufe hakijabonyezwa. Printa inaweza kuupunguza ubora huo, ila haiwezi kuongeza kisichokuwemo.

Tengeneza skrini kwanza

Skrinishoti ni mkusanyiko wa nukta ndogo ziitwazo pikseli. Laptopu nyingi za bei nafuu zina skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Nyingine nyingi zina 1920 kwa 1080. Picha ya skrini nzima haiwezi kuwa na nukta zaidi ya hizo, hata printa iwe ya gharama gani.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kukuza maandishi kabla ya kupiga. Kwenye kivinjari, shikilia Ctrl na ubonyeze alama ya kujumlisha mpaka ukurasa ufike asilimia 125 au 150. Herufi iliyokuwa na kimo cha nukta 10 huwa na 15 kwa asilimia 150, na tofauti hiyo huonekana wazi kwenye karatasi. Anayeikuza picha baada ya kuipiga haongezi nukta hata moja. Anazinyoosha tu zilizopo, na ndiyo maana herufi hutoka na ukungu. Ukimaliza, Ctrl na 0 hurudisha ukurasa kwenye ukubwa wake wa kawaida.

Jambo la pili ni rangi ya nyuma. Watu wengi hutumia mandhari meusi ili kupumzisha macho usiku. Kwenye karatasi, mandhari hayo humaliza wino, hulowanisha karatasi nyepesi, na herufi nyeupe nyembamba humezwa na weusi. Rudisha programu kwenye mandhari meupe kabla ya kupiga. WhatsApp ya kwenye kompyuta, vivinjari na Windows yenyewe vyote vina sehemu ya kubadilisha mandhari ndani ya mipangilio.

Jambo la tatu ni usafi wa skrini. Vichupo vilivyofunguliwa juu ya kivinjari huonyesha mtu alikuwa akisoma nini, na taarifa ya ujumbe mpya inaweza kuchomoza kwenye kona sekunde ileile ya kupiga. Funga visivyohusika. Viwili vinavyofaa kubaki ni mstari wa anwani ya tovuti na saa yenye tarehe iliyo kwenye kona ya chini ya Windows, kwa sababu ndivyo vinavyomweleza msomaji wa karatasi kwamba maelezo haya yalitoka wapi na yalionekana lini.

Vitufe vya Windows

Kitufe cha PrtSc kilizaliwa kwa ajili ya karatasi. Kwenye kompyuta ya IBM PC iliyotoka mwaka 1981, kubonyeza Shift na PrtSc kulipeleka maandishi ya skrini moja kwa moja kwenye printa. Windows ilikipa kazi nyingine: kuchukua picha na kuiweka kwenye kumbukumbu ya muda, yaani ubao wa kunakili, isubiri kubandikwa. Hakuna sauti wala karatasi inayotoka, na ndiyo maana wengi hubonyeza, wasione kitu, wakabonyeza tena.

Katika laptopu nyingi kitufe hicho kiko safu ya juu, upande wa kulia, kikiwa na maandishi PrtSc au PrtScn. Kwenye ThinkPad nyingi za Lenovo kiko safu ya chini, kati ya Alt na Ctrl za kulia. Kikiwa kimegawana nafasi na kazi nyingine, shikilia Fn kwanza.

Njia ya kupata skrini nzima na kuihifadhi papo hapo ni kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na PrtSc. Skrini hufifia mara moja, kisha faili ya PNG huingia kwenye folda ya Screenshots, ndani ya folda ya Pictures. Njia hii ipo tangu Windows 8 ya mwaka 2012, na ndiyo inayomfaa anayepiga picha nyingi mfululizo, kwa kuwa kila moja hupewa namba yake.

Kwa dirisha moja tu, bila vitu vingine vilivyo nyuma yake, bonyeza Alt na PrtSc. Picha huenda kwenye ubao wa kunakili. Fungua Word au Paint, kisha Ctrl na V, nayo itatua ukurasani.

Kwa sehemu uliyoichagua mwenyewe, bonyeza Windows, Shift na S kwa pamoja. Skrini itafifia, na utaburuta kipanya kuzunguka eneo unalolitaka. Katika Windows 11, programu ya Snipping Tool huhifadhi picha hiyo yenyewe kwenye folda ileile ya Screenshots. Katika Windows 10 hukaa kwenye ubao tu: usipobofya taarifa inayojitokeza na kuihifadhi, au usipoibandika mahali, utakaponakili kitu kingine itapotea. Kwenye Windows 11 zilizosasishwa, kitufe cha PrtSc peke yake nacho hufungua zana hii.

Menyu inayojifunga kila ukigusa kitufe kingine hupatikana kwa kuchelewesha. Snipping Tool ya Windows 11 ina saa ya sekunde 3, 5 au 10: chagua muda, fungua menyu yako, acha programu ipige yenyewe. Na kama kitufe cha PrtSc kimekufa, Windows, Ctrl na O huleta kibodi ya kwenye skrini, ambayo kitufe hicho kimo ndani yake.

Mac, Chromebook na Ubuntu

Kwenye Mac, Shift, Command na 3 hupiga skrini nzima. Shift, Command na 4 huruhusu kuchagua eneo. Baada ya hiyo ya 4, ukigusa kitufe cha nafasi, alama ya kamera hutokea, na kubofya dirisha kunalipiga hilo peke yake. Tangu macOS Mojave ya 2018, Shift, Command na 5 hufungua upau wenye chaguo zote pamoja na saa ya kuchelewesha. Faili hukaa kwenye desktopu zisipoelekezwa kwingine.

Chromebook hutumia Ctrl na kitufe cha kuonyesha madirisha, kile chenye umbo la mstatili na mistari miwili kando yake. Ongeza Shift ili kuchagua eneo. Picha hushuka kwenye folda ya Downloads. Katika Ubuntu za miaka ya karibuni, kitufe cha PrtSc hufungua kisanduku cha kuchagua skrini, dirisha au eneo, na faili huhifadhiwa ndani ya Pictures.

Ukurasa usioisha kwenye skrini moja

Ukurasa wa matokeo ya NECTA ni mfano mzuri. Jina na namba ya kituo viko juu kabisa, halafu linafuata jedwali la watahiniwa wote, safu moja kwa kila namba ya mtihani. Mtahiniwa aliye katikati ya orodha haonekani pamoja na kichwa cha ukurasa, na karatasi yenye safu yake bila jina la shule haimsaidii. Ctrl na F, kisha namba ya mtihani, humpata haraka. Lakini picha zinahitajika mbili, moja ya kichwa na moja ya safu, zote zikionyesha mstari wa anwani.

Vivinjari vina njia ya kuchukua ukurasa mzima kwa picha moja ndefu. Kwenye Firefox na kwenye Edge, bonyeza Ctrl, Shift na S, kisha uchague ukurasa wote badala ya sehemu inayoonekana. Chrome huificha zana hiyo kwa wataalamu: Ctrl, Shift na I, halafu Ctrl, Shift na P, andika neno screenshot na uchague ile ya ukubwa kamili.

Hata hivyo, picha ndefu ikibanwa kwenye A4 moja hugeuka ukanda mwembamba usiosomeka. Kwa ukurasa wa tovuti wenye maandishi mengi, skrinishoti si chombo sahihi. Bonyeza Ctrl na P ukiwa kwenye kivinjari na uhifadhi kama PDF. Maandishi hubaki maandishi, hayageuki nukta, kwa hiyo hutoka makali kwa ukubwa wowote. Kurasa hugawanywa zenyewe, na ukiruhusu vichwa na vijachini, kivinjari huandika anwani na tarehe kwenye kila ukurasa. Windows 10 na 11 pia zina printa ya bandia iitwayo Microsoft Print to PDF, inayofanya kazi hiyo kwa karibu programu yoyote yenye amri ya kuchapa.

Skrinishoti ibaki kwa yale yasiyochapika vizuri kwa njia hiyo: ujumbe wa kosa kwenye mfumo, kisanduku cha uthibitisho kinachotoweka baada ya malipo, ramani, mazungumzo. Kwa mazungumzo marefu ya WhatsApp, jina au namba ya mhusika ionekane juu ya kila picha, na kila picha ianze na ujumbe wa mwisho wa picha iliyotangulia. Anayesoma ataona kwamba hakuna kilichorukwa.

Kukata na kuficha

Hifadhi picha asili, kisha ufanye kazi kwenye nakala. Kanuni hii ina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba sehemu iliyokatwa leo inaweza kuhitajika kesho. Ya pili ilidhihirika Machi 2023, watafiti wa usalama walipotangaza kwamba programu ya kuhariri picha kwenye simu za Google Pixel, na baadaye Snipping Tool ya Windows 11 pamoja na programu ya Windows 10 ya kazi hiyohiyo, ziliacha mabaki ya picha ya awali ndani ya faili. Mtu alikata picha, akahifadhi juu ya faili ileile, akaamini kilichokatwa kimetoweka. Kumbe sehemu yake iliweza kufufuliwa. Google na Microsoft zilitoa masasisho mwezi huohuo. Laptopu isiyosasishwa tangu wakati huo isasishwe, na picha iliyokatwa ihifadhiwe kwa jina jipya.

Namba za kitambulisho cha taifa (NIDA), namba za akaunti na namba za simu za watu wasiohusika zifunikwe kwa mstatili uliojazwa rangi nyeusi kabisa. Kalamu ya kupaka mwanga haifai hata ikipitishwa mara nyingi, kwa sababu rangi yake hupitisha kilicho chini, na kubadilisha mwangaza wa picha kunaweza kukifichua. Kufifisha kwa ukungu nako si salama kwa tarakimu chache. Jambo hili lina uzito wa kisheria pia: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Wakati wa kuhifadhi, chagua PNG badala ya JPEG. PNG hutunza kila nukta kama ilivyokuwa. JPEG iliundwa kwa picha za kamera, na hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa maelezo madogo. Kwenye maandishi huacha madoa ya kijivu kuzunguka herufi, na madoa hayo huchapwa.

Kuchapa

Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Ukiacha milimita 10 kila upande, unabaki na upana wa 190 karatasi ikiwa wima, au 277 ikilazwa. Skrini ya 1366 ikichapwa kwa mlalo hupata nukta zipatazo 125 kwa kila inchi, na ile ya 1920 hupata kama 176. Nukta 150 kwa inchi hutosha kwa maandishi ya skrini kusomeka bila taabu. Sasa chukua kipande cha upana wa pikseli 500 ukinyooshe kujaza ukurasa wima: kinabaki na nukta 67 kwa inchi, na ukungu ni lazima. Kipande hichohicho kikichapwa kwa upana wa sentimita 8.5 kinafika 150 na kutoka safi. Kipande kidogo kichapwe kidogo.

Njia rahisi kwenye Windows ni kufungua picha, kubonyeza Ctrl na P, kuchagua A4 na mlalo kwa picha ya skrini nzima, kisha kutazama onyesho kabla ya kuendelea. Angalia ukubwa wa karatasi kwa makini. Baadhi ya printa huja zikiwa zimewekwa saizi ya Kimarekani iitwayo Letter, yenye milimita 216 kwa 279, na kingo hukosea au printa husimama ikidai karatasi.

Kwenye kisanduku cha zamani cha kuchapa picha, ambacho bado hutokea ukichagua faili kadhaa na kubofya kulia, kuna mtego. Kisanduku kidogo kilichoandikwa "Fit picture to frame" huwa kimewekewa alama tangu mwanzo. Kazi yake ni kujaza ukurasa wote, na kwa kuwa umbo la skrini si umbo la A4, hukata pembeni mwa picha ili ukurasa ujae. Hapo ndipo namba ya kumbukumbu ya malipo hupotea. Ondoa alama hiyo. Kwenye Mac, chaguo kama hilo katika Preview liwekwe kwenye kuchapa picha nzima, si kujaza karatasi. Kwenye Paint, fungua mpangilio wa ukurasa na uweke picha itoshe ukurasa 1 kwa 1; usipofanya hivyo, picha kubwa inaweza kugawanyika kwenye karatasi kadhaa.

Picha kadhaa zenye maelezo hukaa vizuri zaidi kwenye Word. Zibandike mbili kwa kila ukurasa wima, andika chini ya kila moja chanzo chake na tarehe, na unapobadilisha ukubwa buruta kona, kamwe usiburute upande, ili herufi zisirefushwe au kubanwa.

Kama printa ni ya wino mweusi pekee, tazama kwanza kama maana imebebwa na rangi. Kijani cha "imekubaliwa" na nyekundu ya "imekataliwa" hugeuka kijivu kinachofanana. Andika neno pembeni, au lipia ukurasa mmoja wa rangi.

Kwenye steshenari au saiba

Wengi hawana printa nyumbani. Huenda steshenari, au saiba kwa Wakenya. Wapeleke PDF, si faili ya Word, kwa sababu Word ya dukani inaweza kuwa ya toleo jingine na kusogeza picha. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida hubanwa na kupungua ubora. Itumwe kama hati.

Kompyuta ya duka hutumiwa na kila mtu. Chapa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kunakili faili kwenye desktopu. Aliyelazimika kuipakua kutoka barua pepe aifute, aondoe pia kwenye pipa la taka, kisha atoke kwenye akaunti yake. Aliyefungua WhatsApp hapo aondoe kifaa hicho kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa, kwa kutumia simu yake. Kwa kurasa nyingi, omba kwanza ukurasa mmoja, usome tarehe, anwani na tarakimu ndogo kuliko zote, halafu uruhusu zilizobaki.

Karatasi inapokwenda mahakamani

Karatasi ya skrinishoti hubishaniwa kirahisi, kwa kuwa kila mtu anajua picha huweza kuhaririwa. Nchini Tanzania, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinakubali ushahidi wa aina hii, na katika kuupima kinaelekeza kutazama jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na kusafirishwa, na jinsi mtumaji alivyotambuliwa. Nchini Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinahusisha nakala zilizochapwa na cheti kinachoeleza rekodi ilivyopatikana na kifaa kilichotumika, kikiwa kimesainiwa na mtu mwenye dhamana juu ya kifaa hicho.

Kwa muuzaji yule anayedaiwa mzigo, maana yake ni hii: asifute mazungumzo kwenye simu, atunze faili za PNG za awali bila kuzigusa, na aandike siku, saa, laptopu iliyotumika na jina la aliyepiga. Karatasi zilizochapwa zipewe namba kwa mpangilio wa tarehe za ujumbe. Faili zenyewe ziwekwe kwenye folda moja yenye tarehe, na nakala ya folda hiyo ikae kwenye flashi isiyotumika kwa kazi nyingine, ili wakili akiomba kuona chanzo cha ukurasa wowote, faili yake ifunguliwe hapo hapo.